Malalamiko: TV na redio zinakata pamoja, na sio mvua

Habari zenu ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Mimi niko Morogoro, nina gesti ya vyumba tisa na lile dishi la futi nane juu ya paa mlilifunga nyinyi wenyewe. Nimeshapiga simu mara sita naambiwa yale yale, cheki waya, zima king'amuzi uwashe tena, subiri mvua ipite. Mvua gani jamani, wiki ya tatu hii jua linawaka na picha inaganda, inakatika vipande vipande halafu kiza, wageni wanalalamika mpira hawaoni.

Nikifungua sehemu ya kupima mawimbi nguvu inasoma 85 ila ubora unadondoka mpaka 5, yani yanaingia mengi tu ila sio ya kwenu. Shida imeanza siku ile mnara wa 5G ng'ambo ya barabara ulipowashwa. LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, ikiwa ya C-band (masafa ya madishi makubwa kama langu) inapokea kuanzia megahezi 3400 mpaka 4200, na 5G nyingi inarushwa humo humo kwenye 3500 na kitu, sasa setilaiti iko juu karibu kilomita 36,000 na mnara uko getini kwangu, LNB inazidiwa mpaka chaneli ambazo masafa yake yako mbali na ya mnara nazo zinakufa. Fundi wa mtaani aliegesha bati upande wa mnara ubora ukapanda mpaka 48, alipolitoa tu ukarudi chini, na mimi nimesimama pale pale naona kwa macho yangu.

Kilichoniuma zaidi, dada aliyepokea simu alisema TV ikikata nisikilize redio kwenye king'amuzi hicho hicho. Dada yangu, redio na TV mnazileta zimefungashwa kwenye transponda moja, yani kifaa kimoja cha setilaiti kinachorusha chaneli nyingi kwa pamoja, ikipotea inaondoka na vyote! Mama yangu ana miaka 74, macho yamepungua, redio ndo kila kitu kwake, taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na FM huku kwetu bondeni inakwaruza tu.

Naomba fundi aje na filta ya kuzuia 5G aifunge mbele ya LNB, hela ya filta nitatoa ikiwa bei ya haki, ila hizi wiki tatu mnirudishie kwenye kifurushi. Na swala la masafa lipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nyinyi wenye vipimo, mimi peke yangu sitasikilizwa.

Nipo gesti kila siku kuanzia saa moja asubuhi, ngazi ipo.