Yaya, msibomoe kwanza depo ya Baba

Marseille

Yaya mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto wote pale Nguba, Bukavu. Sisi huku tu wazima, ila upepo wa mistral unatuchapa hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Sauti uliyonitumia nimeisikia. Baba mdogo anataka depo, lile ghala la marehemu Baba pale Ziwa Kivu, ivunjwe, tupandishe ghorofa ya kupangisha. Kabla hajaita watu wa nyundo, msomee habari za jengo moja ninalopita mbele yake kila nikienda kazini.

Liko kwenye bandari ya zamani, Vieux-Port, upande wa kusini, gati la Rive-Neuve. Lilijengwa mwaka 1909 liwe soko la mnada wa samaki. Mashua zinashusha, makasha yanapangwa, dalali anapaza sauti, wachuuzi wanapandishiana bei. Wewe uliyekulia Beach Muhanzi huhitaji kuelezwa: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akikutwa na jua, bei si ile tena. Ndiyo maana soko liliwekwa palepale majini.

Miaka ya 1970 mnada ukahamishiwa bandari ya uvuvi ya Saumaty, kaskazini mwa jiji. Kiwanja kama kile, mbele ya maji na katikati ya mji, unajua wangekiuza bei gani! Lakini mwaka 1981 jengo likafunguliwa upya kama jumba la tamthilia, chini ya Marcel Maréchal, mwigizaji na mwongozaji. Ukuta wa mbele wakaulinda, nyuma yake wakaweka ukumbi wenye viti karibu 800. Hata jina hawakugusa: La Criée, yaani mnada uleule wa kupigiana kelele.

Mimi mtu wa plasta ninachoangalia ni ile kazi ya ndani. Soko la samaki linataka hewa ipite, mwanga uingie, na sakafu iliyoinama kidogo ili maji yatoke. Tamthilia inataka giza, na pikipiki za nje zisisikike kabisa. Karibu kila kitu kinageuzwa kinyume. Kwa hiyo sitamdanganya Baba mdogo kwamba kutengeneza ni rahisi kuliko kubomoa. Mara nyingine inakula pesa zaidi. Ila ukuta ukishaanguka, umeanguka, na mbele ya bandari hii wanalijua hilo: mwaka 1943 Wajerumani walilipua mtaa mzima ng'ambo ya pili, na nyumba zilizojengwa baadaye ni za sura nyingine kabisa.

Kuna jambo moja tu silipendi. Mle ndani samaki hawakurudi tena. Wavuvi wachache bado wanauza asubuhi kwenye ncha ya bandari, karibu na lile paa la chuma kinachong'aa kama kioo, la msanifu majengo Norman Foster, la mwaka 2013. Ukisimama chini yake ukainua macho, unajiona miguu juu kichwa chini, pamoja na umati wote uliokuzunguka. Mama mmoja anapanga samaki wake kwenye beseni, wengine bado wanarusha mkia, naye anakukaripia ukiwashikashika bila kununua. Utadhani uko Muhanzi.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Depo isimame, tuipangishe upande wa juu kwa atakayetaka, duka au ofisi, lakini upande wa ziwa wabaki wale mama wanaoanika sambaza. Walikuwa pale enzi za Baba, na kodi yao, hata iwe ndogo, hawajawahi kuidhulumu.

Naomba mwanao mkubwa apime upana kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa mbao za paa. Azichome kwa kisu aone kama zimeoza, hasa pale zinapokalia ukuta. Anipigie picha za nyufa zote, na karatasi za kiwanja pia. Nikishaziona nitampigia Baba mdogo mwenyewe. Wewe usigombane naye.

Mdogo wako