Siku ya mapumziko isikatwe na kitu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponipigia ulisema, "Mama, jana sikwenda kazini, lakini leo nimeamka nimechoka zaidi." Nikakuuliza ulishindaje. Ukanitajia: kufua, kusafisha nyumba, kulipa bili, kujibu barua pepe mbili tatu za ofisini. Hukupumzika, mwanangu. Ulibadilisha kazi tu.

Nayajua hayo kwa uchungu. Ulipokuwa darasa la pili ulikuja kunisimulia kisa cha shuleni, ukakimaliza, ukaniuliza swali. Sikuwa na jibu, maana sikusikia neno hata moja. Nilikuwa likizo siku hiyo. Mwili upo nyumbani, akili ipo kazini. Ulinyamaza ukaenda zako, na mgongo wako ukiondoka ninauona mpaka leo.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwapa wafanyakazi wa viwandani angalau saa 24 za mapumziko katika kila siku saba. Saa hizo ziwe mfululizo. Neno hilo nalipenda. Barua pepe moja saa nne asubuhi imeshazikata, kwa sababu utaibeba kichwani mpaka jioni hata kama umeijibu kwa dakika mbili.

Kwa hiyo anza jioni ya kuamkia siku yako ya mapumziko. Andika kwenye karatasi kila ulichokiacha njiani, na utakachoanza nacho ukirudi. Akili huwa haiachii jambo lisilokwisha mpaka ione limewekwa mahali. Waambie wenzako waziwazi kwamba hupatikani. Simu ya kazi iingie kabatini. Kufua kutafutiwe jioni nyingine.

Asubuhi mkono utaitafuta simu, na utajiona mvivu. Vumilia, hali hiyo hupita. Halafu tembea bila haraka, au toa zile rangi zako uchore, hata kama mchoro hautamfaa mtu yeyote.

Shirika la Afya Duniani linapoueleza uchovu huu unaoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu, linataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Hilo la pili ndilo linalonikosesha raha. Kazi uliyoipenda sana, siku hizi ukiitaja sauti inakauka. Ikiwa mzigo wenyewe umezidi, siku moja haitautua. Zungumza na mkuu wako. Na usingizi ukiendelea kukupotea, nenda kwa daktari, tafadhali, usingoje nikusihi.

Chagua siku yako wiki hii, uniambie ni ipi. Siku hiyo hata mimi sitakupigia.

Mama yako akupendaye