Kabla hujajaza fomu ya MMed

Kisumu,
Jumapili jioni

Kwako Wanjiru,

Salamu nyingi kutoka kwetu ziwani. Nilishuka kutoka Eldoret Ijumaa usiku, na tangu nifike mama ananilisha omena kana kwamba huko juu hakuna anayepika. Hapa ninapoandika ameniwekea kikombe cha tatu cha chai na anauliza Wanjiru wa Nakuru anaolewa lini. Nimemwambia una mambo mengine kichwani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka kujua, ukija Eldoret kusomea MMed, ile shahada ya uzamili ya udaktari, upande wa magonjwa ya ndani, utapata nafasi ya utafiti au utakuwa mtu wa raundi, faili na simu za usiku kama enzi zetu za uintani. Raundi na simu za usiku hazikwepeki. Nafasi za utafiti nazo zipo, tena nyingi kuliko saa ulizo nazo. Kitu cha kuuliza ni swali la nani utakalokuwa unalitafutia jibu.

Eldoret unaijua historia yake. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana vilianza kushirikiana 1989, na 2001, UKIMWI ulipokuwa umejaza wadi, ndipo AMPATH, mpango wao wa pamoja wa tiba na utafiti, ikazaliwa. Leo inagusa kisukari, presha, saratani na mengine mengi. Kwa hiyo usishangae kumkuta daktari wa Marekani anayesomea ubingwa kando ya kitanda cha mgonjwa wako, wala kusikia miradi mitatu ikitajwa kabla ya chai ya saa nne. Mtu mgeni huona hayo akadhani ameingia peponi.

Mimi nilidhani hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilijiunga na mradi mmoja, sitasema wa nani wala wa wapi. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa nahoji wagonjwa na kujaza fomu kwenye tableti, miezi minne mizima. Makala ilipotoka nilitafuta jina langu juu, sikuliona. Nikalikuta chini kabisa kwenye shukrani, tena limeandikwa vibaya. Sikuwa nimeuliza chochote mwanzoni, nilikuwa nimefurahi tu kuitwa. Siku hizi nauliza kabla ya kugusa fomu: kazi yangu ni ipi hasa, data nitaruhusiwa kuitumia, na kwenye makala nitakuwa wapi? Anayekasirikia maswali hayo amekwisha kukujibu.

Sisemi uikimbie miradi mikubwa. Unakumbuka majaribio ya tohara hapa Kisumu, yale yaliyochukua vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24? Yalichapishwa kwenye jarida la tiba la The Lancet 2007, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa pendekezo lake kuhusu tohara na kinga ya HIV. Mwandishi wa kwanza alitoka Chicago, lakini angalia orodha yote: Kawango Agot yumo, Ndinya-Achola yumo. Majina ya kwetu yako juu pamoja na wenzao, hayako kwenye shukrani. Mradi wa namna hiyo ukikuita, nenda mbio.

Sasa nikwambie nilivyopata swali langu. Nilikuwa nimeandaa pendekezo la utafiti wa vinasaba vya presha, kurasa ishirini, nikijiona msomi. Msimamizi wangu akaniuliza gharama za maabara atalipa nani, hadithi ikaishia hapo. Wiki chache baadaye akalazwa mama mmoja kutoka bonde la Kerio, na joto la kule unalijua. Insulini yake aliiweka kwenye chungu kidogo kilichotiwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Nikamgombeza mbele ya raundi nzima: mama, insulini ni ya friji! Friji yenyewe hana, na umeme hana. Msimamizi akanigeukia polepole. “Daktari, umejuaje kwamba imeharibika?”

Wanjiru, sikuwa na jibu. Nilikuwa na karatasi ya maelezo ya dawa tu.

Usiku ule nikasoma, nikakuta kazi ya Médecins Sans Frontières, wale Madaktari Wasio na Mipaka, na Chuo Kikuu cha Geneva iliyochapishwa 2021. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi kule Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, likapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiga joto hilo maabara. Insulini ilikaa wiki nne na nguvu yake ikabaki. Yaani jibu lilianzia Dadaab, na mimi Mkenya namgombeza mgonjwa kwa kukariri! (Usiwaambie wagonjwa wako watupe friji, tafadhali.) Hapo nikapata tasnifu: wagonjwa wa kliniki yetu ya kisukari huhifadhi insulini wapi, na sisi tunawaambia nini. Haihitaji maabara. Inahitaji dodoso, kiti na subira.

Karatasi zenyewe zitakula miezi. Unatetea pendekezo idarani, unalipeleka kwa kamati ya maadili, unarudishiwa masahihisho, unatafuta leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kisha ruhusa ya hospitali. Usingoje mwaka wa mwisho. Na takwimu jifunze mwenyewe, hata kama ni kidogo. Nimeshuhudia mwenzetu aliyemlipa mtu amfanyie hesabu zote. Siku ya utetezi akaulizwa kwa nini alichagua kipimo kile, akabaki anaitazama slaidi yake kama ya jirani.

Msimamizi mchague kwa kuwauliza wanafunzi wake: huwa anarudisha rasimu baada ya muda gani? Profesa mwenye jina kubwa asiyefungua barua pepe atakuchelewesha kuliko kamati yoyote. Wangu hana makuu, ila rasimu hurudi na wino mwekundu ndani ya wiki mbili, na wino huo umenifundisha mengi kuliko mihadhara.

Fomu jaza, sikukatazi. Ila kwanza nunua daftari dogo likae kwenye mfuko wa koti, na kila ukijikuta unamwambia mgonjwa jambo usiloweza kulitetea, liandike. Mwezi ujao napita Nakuru nikienda Nairobi. Nitashuka stendi saa sita hivi, tutafute chipsi mahali, unisomee ulichoandika. Mama naye anasema atanipa omena wako, kwa hiyo njoo na mfuko usiovuja.

Wako,
Atieno