Albamu mpya ya Mastodon: tunakutana Jumamosi, si Jumapili

Habari za jioni, ndugu zangu. Mastodon, bendi yetu ya metali (roki nzito) hapa Atlanta, inatoa albamu Ijumaa tarehe 29 Oktoba 2021: nyimbo 15, karibu saa moja na nusu. Ni ya kumlilia meneja wao Nick John, aliyefariki 2018, kwa hiyo naomba tuisikilize yote bila kukatiza.

1. Jumamosi saa 10 jioni, kwangu Clarkston. Saa 2 usiku tunazima. Besi ikigonga, vikombe vinatikisika kabatini, na mama jirani ana mtoto mchanga.
2. Mchango dola 10, chai na sambusa.
3. Mwenye spika kubwa aniambie leo.

Tafadhali andika "Nakuja" hapa kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Asanteni sana.