Kaka, mkungu wa mbele tusiukate

Shikamoo kaka. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, nikaanza kukujibu wasap nikaona maneno yananizidi, bora niandike hapa, maana najua wako wengi wenye mti kama wetu na nyumbani wanabishana hivihivi.

Unataka ule mti wa makungu wa mbele ya nyumba ukatwe, uwanja wote upigwe pevingi, ukija Desemba gari ipate pa kulala. Hela ya fundi ushatuma. Sikatai, ule mti unachafua, na nani anaujua uchafu wake kunishinda mimi ninayeufagia? Mara mbili kwa mwaka majani yanageuka mekundu yanaanza kushuka, na jani la mkungu sio la mwarobaini, moja tu linafunika sahani, nafagia alfajiri nikija kumaliza chai uwanja ushajaa tena, gata limeziba, mvua ikipiga maji yanamwagikia dirishani kwa mama. Makungu yakiiva ndo wanakuja popo, usiku kucha pa! pa! juu ya bati, kukicha kibaraza kizima ni makapi waliyotafuna na madoa yasiyotoka kwa sabuni. Na mama alishateleza pale mara moja. Hilo ndo linalonitisha kuliko yote.

Ila kaka we umeondoka Tanga siku nyingi, humuoni mama saa nane mchana. Bati likishashika jua la kaskazi humo ndani hakukaliki, anabeba mkeka wake na mbuzi ya nazi anahamia chini ya mkungu, anakuna nazi, anachambua mchele, wenzie wakipita wanakaa mpaka alasiri. Unakumbuka ulivyo, matawi yametanda ngazi kwa ngazi kama mwavuli juu ya mwavuli, jua halina pa kupenya. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliukata wao wakapiga pevingi nzuri kabisa, sasa mchana huwezi kuzikanyaga pekupeku na bibi yao kila siku anakuja kukaa kwetu. Halafu hilo kovu la kidole gumba chako si ulilipatia palepale, ukipasua kungu kwa jiwe utoe kiini? Watoto wangu leo wanapasulia jiwe lilelile.

Naomba hela yako tuitumie hivi. Fundi apunguze matawi mawili yanayolalia bati, popo wakale upande wa barabarani huko. Lile linalokaribia waya wa umeme asiliguse, nitaenda mwenyewe TANESCO waje walikate wao. Gata tulifunike wavu. Pevingi tupige njia tu, kutoka getini mpaka mlangoni ili mama asiteleze, tusifike shinani kwa sababu mizizi ya mkungu iko juujuu, itazinyanyua zote na maji ya mvua yatakosa pa kuingilia. Gari yako italala upande wa mlimao, nilipima kwa hatua, inaenea. Kufagia niachie mimi, sijawahi kukulalamikia na sitaanza leo.

Fundi nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi, asilete msumeno kabla hatujaongea mimi na wewe. Nipigie kaka, ila ukitaka kuongea na mama pia piga jioni, mchana anakuwa nje na simu anaiacha ndani.