Minyororo ya Polima: Jibu kwa Swali Lako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza inakuwaje mfuko laini wa plastiki na pipa gumu la maji vyote vikatokana na polithini, na swali hilo limenipendeza mno hata nisitake kulijibu kwa mkato.

Vyote viwili ni polima, yaani molekuli zilizo minyororo mirefu, hapa ya kaboni na haidrojeni, ila minyororo hiyo imejengwa kwa namna mbili. Polithini iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, kwa shinikizo kubwa sana, ina minyororo yenye matawi mengi, nayo hukaa kama mzigo wa kuni zenye vitagaa, usiobanana hata ukazwe vipi. Fuwele zake, yaani sehemu ambamo minyororo imejipanga kwa utaratibu, ni chache, kwa hiyo ni nyepesi na hupindika kwa urahisi. Mwaka 1953 mkemia Karl Ziegler, huko Ujerumani, alipata vichocheo vinavyojenga minyororo iliyonyooka kwa shinikizo dogo, ambayo hulala sambamba na kufanya fuwele nyingi, na hapo ndipo ugumu wa pipa lako ulipotoka.

Kinachonistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni mpira. Mpira wa asili na gutapecha, utomvu mgumu wa miti fulani ya Asia, vyote hujengwa kwa isoprini, molekuli ndogo ya kaboni na haidrojeni. Lakini katika mpira mnyororo huingia na kutoka upande uleule wa kila kifungo maradufu (pale atomi mbili za kaboni zinaposhikana mara mbili), ukajikunja na kushindwa kujipanga, ilhali katika gutapecha huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, ukanyooka, ukafanya fuwele na kuwa mgumu. Atomi ni zilezile, idadi ni ileile! Ukiuvuta mpira, minyororo hunyooka. Ukiuachia, mtikisiko wa joto huirudisha katika mikunjo yake.

Mpira mbichi, hata hivyo, hunata kwenye joto, kwa kuwa minyororo yake huteleza. Mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear aliupasha moto pamoja na salfa mwaka 1839, na salfa ikaifunga minyororo hiyo kwa madaraja machache. Asilimia 1 hadi 3 ya salfa hutosha kuubakiza unyumbufu. Ikikaribia asilimia 30, madaraja huwa mengi kiasi cha kuugeuza kuwa ebonaiti, kitu kikavu na kigumu.

Madaraja hayo ndiyo yanayozuia tairi kuyeyushwa na kufinyangwa upya kama pipa: ni vifungo vya kikemia, na joto kali likizidishwa huivunjavunja minyororo yenyewe kabla mpira haujatiririka.

Wako katika urafiki.