Barua ya wazi kwa wasimamizi wa wanafunzi wa ustawi wa jamii, Uingereza

Wanangu na wadogo zangu,

Nawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia, maana najua wengi wenu mnasoma hii simuni, ndani ya gari, mkijiandaa kubisha hodi kwa watu.

Nina neno na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukapewa dhamana ya kuwasimamia wanafunzi wanaokuja mafunzo kwa vitendo huku. Baadhi yenu mnawabana wanafunzi weusi kuliko hata Wazungu wanavyowabana. Nikiuliza, jibu ni lilelile: "Mimi nilipita humohumo, naye apite." Ulipita, sawa. Ila leo kalamu unayo wewe. Mwanafunzi ana siku 70 za awamu ya kwanza na 100 za pili, na pendekezo la kufaulu au kufeli linatoka kwako. Ukimwambia ubaguzi ni wa kuzoea, atakuelewa: anyamaze mpaka utie sahihi.

Niliwahi kusimuliwa kisa hiki. Mteja mzee, yaani mtu anayehudumiwa na ofisi ya ustawi, alimwambia mwanafunzi pale mlangoni kwamba hataki mweusi nyumbani kwake. Binti akapiga simu ofisini. Msimamizi, mtu wa kwetu, akampa pole, na kesho yake kesi ikahamia kwa mwanafunzi Mzungu. Kwenye jalada la mteja halikuandikwa lolote. Ripoti ya katikati ya mafunzo ilipotoka, ikasema binti "anasita kufanya ziara za nyumbani".

Hapo palitakiwa nini? Maneno ya mteja yaandikwe kama alivyoyasema. Meneja aambiwe, na chuo pia. Mteja aelezwe na ofisi, si na mwanafunzi, kwamba wafanyakazi hawachaguliwi kwa rangi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 imelitaja suala la rangi na asili waziwazi. Kisha keti na binti siku hiyohiyo umuulize anataka kurudi, kurudi na mtu, au kutorudi. (Wapo wazee waliopoteza kumbukumbu, hao huwezi kuwaandikia barua ya onyo. Lakini tusi mwanafunzi kalisikia vilevile.)

Ripoti nazo zinanichosha. "Hajiamini." "Ni mkali." "Lafudhi yake ni tatizo." Siku gani, nyumba gani, alisema nini? Ukikosa jibu, futa.

Wala msidhani weusi wenu unatosha. Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, alikufa London Februari 2000 kwa mateso ya shangazi wa baba yake na mwanamume aliyeishi naye. Ripoti ya 2003 ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, inaeleza kuwa mtoto alikuwa akisimama wima mbele yao kama askari kwenye gwaride. Afisa wa ustawi wa jamii aliyeshika kesi, naye mweusi, aliona hiyo ni heshima ya kawaida katika familia za weusi. Wazazi wa Victoria walisema kwao hakutakiwa kusimama hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia "kwetu ni kawaida", mwulize kwa nani, na yeye mwenyewe ameona nini mle ndani. Na acheni kumrundikia kijana wa Mombasa kila familia ya Kisomali eti anawajua.

Kikao cha kwanza cha usimamizi, kabla ya kutia sahihi makubaliano ya mafunzo, litajeni wenyewe: wapo wateja watakaokukataa kwa rangi yako, na ofisini pia utakutana na maneno, likitokea nipigie siku hiyo, na hivi ndivyo nitakavyofanya. Mwanafunzi Mzungu naye aulizwe rangi yake inamfungulia milango gani kwenye ziara zake. Atababaika kidogo, hilo halina neno. Yule mweusi huenda akasema tu "niko sawa". Muulizeni tena kikao cha pili, na cha tatu.

Mzee wenu, mstaafu,
Leicester